Laini Iliyopimwa Siku ya Sabato

Ujumbe wa kampuni ya intaneti uliingia kwenye simu yangu Jumamosi ya pili ya Machi, mwaka jana: "Laini yako imepimwa. Haina kasoro." Niliusoma baada ya ibada, Biblia kwapani, nikaurudia mara ya pili. Imepimwaje? Duka langu la kompyuta hapa Ikonge hufungwa Ijumaa kabla jua halijatua, na umeme nauzima mwenyewe.

Intaneti ilikuwa imekatika tangu mwishoni mwa Februari. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa ameshatangaza mbele ya wazee wa ukoo kwamba Machi ikiisha bila laini, chumba cha duka atapewa muuza mitumba. "Mashine zilikuwa za ndugu yangu," alisema. "Huyu shule ameionea uzeeni." Nilifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2009, nikiwa mama wa watoto watatu. Cheti kimetundikwa dukani, wala si kwa ajili ya urembo.

Jumatatu nilimwita fundi wa kampuni arudi.

"Mama, nilipima. Mawimbi yalienda, yakarudi safi."

"Yaligeukia wapi?"

"Kwenye kisanduku cha nguzoni. Si ulikuwa umefunga? Nyinyi wa Sabato mnatutesa!"

"Kwa hiyo ulipima waya wenu, ukaniandikia kwamba wangu ni mzima?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama mlangoni nikamwambia hatoki.

Akaiweka modemu yangu katika hali ya kurudisha, ili chochote kitakachotumwa kutoka kituo cha kampuni kipite waya wote, kigeuke ndani ya duka, kirudi kilikotoka. Akapiga simu kituoni, tukangoja. Kilichorudi kilikuwa vipande vipande.

Tuliufuata waya kutoka ukutani. Juu ya kisiki cha mgrevilea ambao shemeji aliukata mwishoni mwa Februari, tuliukuta umesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa pakiti ya maziwa.

Shemeji alikuja akijipangusa mikono. "Tawi liliuangukia, nikaunga. Nikachungulia dirishani, taa za hiyo mashine zinawaka. Ningejuaje?"

"Taa zinatokana na umeme! Na hata kama hukujua hilo, ulijua umekata waya. Ukakaa mbele ya wazee ukasema mimi ndiye nisiyejua mashine."

Akageuka kuondoka kuelekea shamba la chai ng'ambo ya ua.

Fundi aliomba mtu wa kushika ngazi. Nilimtazama shemeji. "Shika."

Akashika, mpaka waya mpya ukafungwa. Fundi alipopima tena kutoka kituoni hadi dukani, mawimbi yalirudi mazima.

"Basi shemeji, yameisha," alisema, akivuta kiti. "Tupe chai."

Fundi nilimmiminia kikombe.

"Wewe utakunywa," nilimwambia shemeji, "ukishawaambia wazee, kwa mdomo wako, ni nani aliyekata waya."

Aliondoka bila kuaga. Chumba bado ni changu, na kikombe chake bado kimefunikwa.