Kumsubiri Mwalimu wa Kike Louisville

Subira iliniishia Louisville, sebuleni kwenye moteli, nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Dada wa ofisi, yule wa kampuni ya malori iliyoniajiri, alinitabasamia kama anamtabasamia mtoto aliyepotea sokoni. Akasema mwalimu wa kike bado hajapatikana. Wanaume niliofika nao walishaondoka wote, kila mmoja kapanda lori na mwalimu wake. Nilibaki mimi na begi langu na leseni yangu mpya.

Nikamwambia nipeni mwanaume, nitapanda naye. Akasema kanuni hairuhusu, mwanamke hufundishwa na mwanamke, ni kwa usalama wangu.

"Sikuomba ulinzi," nikamwambia. "Niliomba lori."

Akaendelea kutabasamu. Nikakiweka kikombe mezani polepole, maana ningezidi kukishika kingeruka.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Kambini, jina lako likibandikwa ubaoni, unakwenda. Huulizi wapi. Ukiuliza, anapita mwingine. Nilipopata leseni huku Buffalo, kanisa letu liliiombea. Ikapita mkono kwa mkono mpaka mama mmoja wa kwaya akaibusu. Kisha simu za kampuni za malori zikaanza kuita. Dereva mpya lazima aende kwanza na mwalimu wa kampuni, bila hivyo leseni ni picha yako tu, kwa hiyo kazi ya kwanza watu huichagua kwa makini. Kulikuwa na Louisville, kulikuwa na Columbus, kulikuwa na yadi moja Lackawanna ya kusogeza matela. Louisville walipiga kwanza. Kijana wao aliyepiga hajamaliza kueleza, nimeshasema ndiyo. Aliniahidi kurudi nyumbani kila wikiendi. Habari ya mwalimu hakuigusa.

"Jina limetoka, panda," mama yangu alisema, akimbeba binti yangu mgongoni. Binti mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: siku moja nipite na lori mtaani kwetu, alione.

Motelini siku zilipoteza kingo. Nililala mchana, nikaota naendesha. Nikiamka nasikia malori barabara kuu, sijui kama nimeamka kweli. Asubuhi yalipita dirishani juu ya ukungu, meupe, mekundu, kama hayana magurudumu. Ndani ya kila moja nilijiona nimekaa, mkono kwenye usukani, miti ikinipisha. Chini ya blanketi mguu wangu ulikanyaga klachi. Ilikuwa tamu, na ilinitia hasira, kwa sababu ndoto ndiyo kazi pekee waliyonipa.

Jumapili moja, kabla ya ile asubuhi ya kahawa, mama Mkongomani niliyemjua kanisani hapo Louisville aliniletea sombe, kisamvu cha kwao. Akatazama kitanda, akanitazama.

"Dada, uko naatamia mayai mu hii chumba?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

"Bon," akasema. "Kama habafundishe banamuke, huyo mwalimu mwanamuke atatokea wapi?"

Swali hilo nilimuuliza yule dada wa tabasamu asubuhi ile ya kahawa, akarudia kanuni yake. Kwa hiyo nilipanda ngazi hadi chumbani, nikawapigia Columbus; wakasema njoo.

Basi lilivuka mto na Ohio ikafunguka, tambarare, mahindi yameshavunwa, maghala yamesimama mbali kama watu wanaongoja kuitwa. Paji langu la uso lilikuwa kwenye kioo. Kwa saa nzima sikuwa mama wa mtu wala mtoto wa mtu. Nilikuwa barabara tu, inajikunjua.

Columbus alinipokea mzee mnene mwenye kijiti cha meno mdomoni. Akanizungusha yadini, akaniamuru nipige rivasi kati ya matela mawili. Niliingia taratibu, kama ninamrudisha mtoto aliyesinzia kitandani. Akauliza naanza lini.

"Ndiyo" ilikuwa imefika kwenye meno. Nikaimeza, nikauliza: mwalimu wangu nani? Akasema yeye mwenyewe. Nyumbani nitafika lini? Ijumaa, Buffalo, mizigo yao mingi inakwenda huko. Nikamwambia nitamjibu kesho. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kumwambia mtu wa ofisi asubiri. Kesho yake nikakubali.

Nilikuwa nimesharudi Buffalo yule mzee wa Columbus aliponipigia. Louisville, alipowauliza habari zangu, walimwambia nimekataa kazi na kuondoka kwa hiari yangu. Lori langu lipo, akasema, ila watu wa bima hawatapitisha dereva mwenye neno hilo kwenye rekodi yake. Nipeleke malalamiko panapohusika, nimletee nakala.

Nilimweleza mama. Yeye akaogopa.

"Usigombane na ofisi, mwanangu. Watakurudisha nyuma ya foleni."

"Foleni gani, mama? Kule nilikuwa peke yangu."

Binti, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hajibu kwacho, akauliza kwa Kiingereza kama lori limeshakuja. Nikasema bado. Nikamvalisha koti, tukashuka mjini, kwenye ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka bila haraka. Karani akaniuliza kama nataka mtu aniandikie. Nikasema nitaandika mwenyewe, na hivi ndivyo nilivyoandika:

"Sikukataa kazi. Nilikwenda Louisville na leseni ileile waliyokuwa nayo wanaume niliofika nao. Wao walipewa mwalimu na lori. Mimi niliambiwa nisubiri mwalimu wa kike, ambaye kampuni haikuwa naye, kwa sababu mimi ni mwanamke. Niliomba kufundishwa na mwanaume, nikakataliwa. Nilipochoka kusubiri, wameandika kwamba nimeacha kwa hiari. Ninalalamika kuhusu kanuni hiyo, na ninalalamika kuhusu uongo huo. Naomba yote mawili yaondolewe."