Miguu ya Nekoye na Cherehani ya Jua

Huko Kabuchai, kati ya mashamba ya miwa, kulikuwa na cherehani moja iliyoendeshwa na watu wawili, na asiyeamini na awaulize waliovaa sare zilizotoka pale. Agneta alikaa mbele, mikono yake ikiongoza kitambaa. Mdogo wake Nekoye alikaa ubavuni kwenye kiti kifupi, miguu ameipenyeza chini ya meza, akikanyaga. Polio ilimshika Agneta akiwa mtoto, ikamwachia mikono yenye ustadi wa ajabu na miguu miwili isiyoweza kusukuma hata pedali. Cherehani ya mkono aliijaribu, lakini mkono mmoja ukizungusha gurudumu, ule unaobaki hautoshi kuongoza sketi ya marinda.

Walianza mwaka wa 1982, Nekoye akiwa na miaka kumi na minane. Kufikia 1993 alikuwa bado anakanyaga. Kipkemboi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Endebess, mwanamume mpole asiye na neno na mtu, alikuwa amekuja kumposa mara mbili. Mara zote mbili Nekoye alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi peke yake.

"Umemwambia nini?" Agneta alimwuliza ile mara ya pili.

"Nimemwambia bado. Anasema atakuja tena Krismasi, na hiyo ndiyo ya mwisho."

"Na wewe unamtaka?"

"Namtaka. Lakini dada, nikienda Endebess, nani atakanyaga?"

Alisema hivyo bila kulalamika, akaokota uzi ulioanguka, akakaa mahali pake. Afadhali angelalamika. Agneta aliona haya mpaka shingo ikamwaka moto, maana aliijua hesabu ile: kila sketi aliyosifiwa ilikuwa imemla mdogo wake siku nzima.

Mwaka huo huo, alipokwenda hospitali ya Lugulu kupimwa miguu, muuguzi aitwaye Jerop alimwambia kwamba Kitale kuna duka linalouza sola, vioo vya kuwekwa juu ya mabati vinywe jua, na kisanduku kinachoitwa inveta, cha kuligeuza jua hilo kuwa stima, umeme kama wa mjini. Stima hiyo ingezungusha mota ya cherehani. Agneta alirudi nyumbani akitazama juu. Jua! Lile lile lililomchoma mgongoni akipalilia amekaa chini, siku zote hizo lilikuwa limebeba nguvu ya kumshonea, na hakuna aliyemwambia.

Mahindi yalipovunwa, yote yaliuzwa kununua vitu hivyo. Aliyetumwa Kitale ni Wekoye, kaka yao wa katikati, mkulima wa plau aliyejua ng'ombe kuliko alivyojua watu. Alirudi na sola mbili, betri mbili, mota, inveta, na maneno ya mwenye duka, mzee Gachanja.

"Mzee amesema ni rahisi, bana. Ati sola ni kama ng'ombe. Zifunge pamoja zivute pamoja, betri nazo hivyo hivyo. Sasa mimi wa kufundishwa kufunga ng'ombe?"

Akapanda juu ya mabati akipiga mluzi. Akafunga nyaya, akashuka, akaunganisha betri. Majirani walijaa uani. Mmoja, Hiram, alisoma inveta kwa sauti, "Mia tatu!" akatangaza kwamba kisanduku kile kinatoa nguvu mia tatu chenyewe, hata sola si lazima. Walingoja jua liingie kwenye betri siku mbili nzima, kisha Wekoye akabonyeza swichi.

Inveta ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa, ikawasha taa nyekundu, ikazima. Akabonyeza tena. Ikalia tena.

"Imekufa," Hiram alisema. Siku mbili kabla alikuwa mtaalamu, sasa akawa daktari wa maiti.

Majirani wakatawanyika. Wekoye alikaa chini akishika kichwa. Zilibaki wiki mbili kufika Krismasi. Nekoye alivuta kile kiti kifupi akaanza kukikalia, na hapo Agneta akashindwa kuvumilia.

"Usikae! Wekoye, niletee hicho kisanduku."

Hakujua stima. Alijua kupima. Katika maisha yake hakuwahi kukata kitambaa bila kujua kifua na kiuno cha mwenye nguo, na sasa alikizungusha kisanduku kile akitafuta vipimo vyake. Vilikuwepo, vimeandikwa vidogo nyuma: volti 24. Akadai kuonyeshwa betri. Volti 12. Na nyingine, 12. Sola je? Wekoye akapanda, akasoma nyuma ya kioo, akapiga kelele kutoka juu kwamba nazo ni za betri ya 12.

"Huyu anavaa ishirini na nne," Agneta alisema, "na sisi tumemshonea kumi na mbili."

"Lakini ziko mbili, dada! Na nimezifunga pamoja!"

"Umezifungaje?"

"Kwa nira. Shingo kwa shingo, mkia kwa mkia."

"Na mkivunja shamba la nyasi, ardhi ngumu, mnafanyaje?"

"Tunaongeza ng'ombe wengine mbele, na mnyororo..." Wekoye akazitazama nyaya. Mdomo ulibaki wazi pale juu ya mabati. Gachanja alisema pamoja, na katika kichwa cha mtu wa plau, wawili pamoja ni wawili chini ya nira moja, bega kwa bega. Mzee alikuwa na maana ya mmoja mbele ya mwingine, mkia wa huyu kwa shingo ya yule, ili kumi na mbili ziongezeke juu ya kumi na mbili.

Akafungua, akafunga upya, sola na betri. Wakangoja jua siku mbili nyingine. Siku ya tatu, saa sita mchana, swichi ilibonyezwa. Taa ya kijani.

Kikanyagio kilichokuja na mota Wekoye alikuwa amekipigilia mezani, karibu na kiwiko cha Agneta. Agneta akakigandamiza kwa kiwiko. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikawa haionekani kwa kasi, na chini ya meza hapakuwa na mguu wa mtu. Wekoye alivua kofia kama aliye kanisani. Agneta alilia waziwazi. Aliliangalia jua mlangoni, akatikisa kichwa, akasema, "Mungu wangu, kumbe ulikuwa huku."

Nekoye alikuwa amesimama ukutani, mikono kifuani. Agneta akachukua kola ya shati la shule, kazi aliyoifanya maelfu ya mara, akaanza. Upande wa kwanza ukaenda vizuri. Ilipofika kwenye pembe, sindano ikapita moja kwa moja, ikatoka nje ya kitambaa. Akafumua, akarudia. Ikapita tena. Akaitazama ile pembe asielewe, maana kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kukosa pembe.

Halafu akaelewa. Katika kila pembe, cherehani ilikuwa ikipunguza mwendo yenyewe, na yeye alidhani ni mikono yake. Hakuwahi kusema "polepole" hata siku moja. Miguu ile ilikuwa ikiusikia mshono kupitia pedali, ikimngoja kwenye kila kola, kila mfuko, kila pindo, bila kuombwa na bila kutaja.

"Nekoye," aliita. "Ulikuwa unajuaje kona inakuja?"

Nekoye akashangaa kuulizwa. "Si ulikuwa unaacha kupumua, dada?"

Jua liliendelea kuwaka juu ya mabati, na Agneta hakulijali tena. Alimvuta mdogo wake, akaweka kichwa tumboni mwake. Kisha akapangusa uso, akaivuta kola.

"Nitajifunza kona," alisema. "Mwandikie Kipkemboi asingoje Krismasi."