Arifa Iliyotukuta Kamukuywa

Kwetu mtu haambiwi kifo akiwa barabarani. Unaitwa nyumbani kwa kisingizio, kwamba mzee hajisikii vizuri, unakalishwa, mtu wa karibu anakushika mkono, ndipo unaambiwa. Nimelelewa katika desturi hiyo na nimeiona ikifanya kazi yake mara nyingi. Lakini nilipotengeneza programu ya simu kwa ajili ya chama cha ukoo wetu, sikuikumbuka hata kidogo.

Kutengeneza programu za simu ndiyo kazi yangu, na ofisi yangu ni meza iliyo sebuleni kwangu, mtaa wa Matisi mjini Kitale. Wazee wa ukoo walitaka njia ya kupashana habari za harusi, ugonjwa na misiba, maana watu wametawanyika kuanzia Kitale hadi Bungoma. Siku ya kuwaonyesha nilijigamba sana. Niliwaambia kwamba katibu akishaandika habari na kubonyeza "Hifadhi", simu za wanachama wote zitalia na kutetemeka, hata kama mtu ameifunga programu na simu imo mfukoni, na maneno yataonekana juu ya kioo bila kufungua chochote. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Kwani ni lazima itoe jina hapo hapo?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikamjibu kwamba habari ikichelewa si habari tena. Nikilikumbuka jibu hilo natamani kujizaba kofi.

Mama yangu alikuwa kwangu wakati huo kwa ajili ya kliniki ya presha. Baba alibaki nyumbani, mbele kidogo ya Misikhu, na ng'ombe wake wawili na kikohozi alichokataa kukiita ugonjwa. Asubuhi moja shangazi, dada yake Baba, akanipigia. Mimi hakunizungusha, kwa sababu lazima mmoja wetu angejua.

"Baba yako ametuacha. Sasa sikiza. Mlete mama yako, na asijue kitu mpaka afike hapa. Hiyo presha yake unaijua."

Nikasema sawa. Sikulia, hata sikukaa chini. Nilimpigia katibu, mwalimu mstaafu, nikamsihi asitangaze chochote mpaka nimwambie. "Hiyo usijali, bana," akasema. "Mimi naandika tu, sitangazi." Sikuyapima maneno hayo. Programu yangu haikujua tofauti ya kuandika na kutangaza. Ilikuwa na kitufe kimoja tu, na kitufe hicho nilikiweka mimi.

Nilimwambia Mama kwamba Baba amezidiwa kidogo na kile kikohozi, twende tukamwone. Aliniangalia, akaenda kuvaa. Tulipita Kiminini. Tulipofika Kamukuywa akasema, "Simama hapo nimnunulie mkate. Huyo akikohoa ni mkate na chai tu anataka." Nikaegesha kando ya barabara, naye akaingia dukani na mkoba wake begani.

Hapo ndipo simu yangu ilipotetemeka. Juu ya kioo kulikuwa na jina la baba yangu, majina yote matatu, na chini yake maneno kwamba amefariki alfajiri ya leo. Mlio wenyewe ulikuwa wa kengele, wa kuchangamsha, nilioutafuta kwa muda mrefu na kujipongeza nilipoupata. Nikakumbuka kwamba programu hiyo imo pia kwenye simu ya Mama. Niliiweka kwa mikono yangu na kupandisha sauti mpaka mwisho, kwa kuwa simu ikiwa ndani ya mkoba haisikiki vizuri. Nikabaki garini, simu mkononi, nikiutazama mlango wa duka.

Alichukua muda. Alipotoka alikuwa na mwenye duka nyuma yake, wamebeba mikate minane, sukari kilo tano, majani ya chai na paketi ya viberiti.

"Mama, mgonjwa mmoja atamaliza haya yote?"

"Wageni hawakosi," akasema, akaingia.

Nikamwomba simu yake eti niiweke chaji. Akanipa. Kioo kilikuwa kitupu, hakuna arifa yoyote. Nilimshukuru Mungu kwa mtandao mbovu wa Kamukuywa, nikaizima simu ile na kuitia mfukoni mwangu. Nilijiona mjanja kweli.

Tulipoondoka akaniuliza, "Umekunywa chai wewe?"

"Nimekunywa."

"Hujakunywa." Akafungua mkate mmoja, akakata kipande kwa mkono, akanipa. "Kula. Na uende polepole, hii barabara iko na malori ya miwa."

Nilikula. Njia nzima aligeuza uso upande wa dirisha, nami nikadhani anamwaza mgonjwa wake.

Nyumbani shangazi alikuwa amewapeleka waombolezaji nyuma ya nyumba na kuwakataza kutoa sauti. Wakamkalisha Mama, wakamshika mkono, wakamwambia. Akalia, na wengine wote wakapata ruhusa ya kulia. Muuguzi wa jirani akampima presha, akasema si mbaya. Watu walinipiga mgongoni, wakasema nimefanya kazi ya mwanaume, nimemleta salama. Nilizipokea sifa hizo, kisha nikaenda kutafuta viti na turubai.

Wiki moja baada ya mazishi nilifungua tarakilishi ili nikirekebishe kile kitufe. Nilitaka habari ya msiba isiende kwa mtu yeyote mpaka jamaa wa marehemu wakubali, na hata ikienda, kioo kisitaje jina. Nikiwa huko nikapita kwenye orodha inayoonyesha nani alifungua arifa na saa ngapi. Niliiweka ili mtu asije akasema hakuambiwa. Mstari wa Mama ulikuwa wa kwanza kabisa. Alikuwa ameifungua dakika ileile ilipotoka, akiwa bado dukani. Na arifa ikishafunguliwa hutoweka kwenye kioo. Niliyeipanga itoweke ni mimi.

Nikamkuta jikoni anachagua maharagwe.

"Mama, ulijua tukiwa Kamukuywa."

Hakuinua uso. "Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini na wewe umeshika usukani? Ningelia, na wewe ungelia, na malori yale yote? Nilikuona nikiwa kwa duka, umeshika simu, uso umekauka. Nikajua huyu mtoto anajua, na ametoka Kitale na msiba wa baba yake akiwa peke yake. Nikasema wacha tufike kwanza." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye ungo. "Tukafika. Wakanijia mimi wote. Wewe ukaenda kutafuta viti."

Ni kweli nilitafuta viti. Nilitafuta pia maji, kuni, na mtu wa kuchimba kaburi, na jioni nilijibu simu za watu waliosoma ile arifa wakanipa pole.

Mama akaweka ungo chini, akavuta kigoda karibu na chake.

"Keti."

Nikaketi. Akafuta mikono kwenye leso, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akangoja mpaka nikamwangalia. Kisha akaniambia polepole, kama mtu anayeileta habari kwa mara ya kwanza, kwamba baba yangu amekufa.

Ndipo nikalia.