Vidole vya Bwana Mifugo

Nasikia siku hizi ng'ambo wamebuni mashine inayotazama ndani ya tumbo kwa sauti, bila kisu. Nimefurahi, ila sikushangaa. Mimi nimeshaona tumbo la paka likisomwa kwa vidole, nyuma ya machinjio ya Bagamoyo, na karibu yote niyajuayo kuhusu kumpima mnyama nilijifunza pale.

Paka alikuwa wangu, wa kijivu, sikio moja limepasuka. Nilikuwa nimemaliza shule, naishi kwa bibi yangu, mtaa wa Dunda, nikiandika hadithi zangu za kwanza na paka amelala juu ya karatasi. Wiki moja akaanza kutapika, na tumbo likamvimba kidogo. Bibi alikuwa na jibu tayari: haluli. Nyumbani kwetu kila tumbo, la mzee au la mtoto, lilisafishwa kwa ile chumvi chungu, naye hakuona sababu ya kumbagua paka.

"Ngoja apimwe kwanza," nilimwambia. "Kama ana mimba, haluli itaitoa."

"Mimba! Ya yule dume wa jirani, mbavu tupu? Haya, mpeleke."

Bwana mifugo, mtu wa bara mwenye mikono mipana, alikagua nyama pale machinjioni kila asubuhi. Nilipotokea na kikapu, wachinjaji waliangua kicheko.

"Bwana mifugo, leo umeletewa ng'ombe mwenye masharubu!"

Yeye hakucheka. Alinawa, akaniuliza, "Amekula?"

"Amekula. Bibi amempa dagaa na maziwa. Anasema mgonjwa hatolewi nyumbani na njaa."

"Basi bibi ameniwekea pazia. Tumbo lililojaa chakula halinionyeshi kitu. Kesho asile, mpe maji tu. Na njoo naye taratibu. Paka akiogopa, tumbo hukaza kama ubao."

Kesho yake bibi alifuatana nami, amejifunika buibui. Bwana mifugo alimwamkia, akapokea marahaba yake, kisha akanigeukia.

"Amepewa dawa yoyote?"

"Hapana," nilijibu bila kusita.

Bibi alikohoa. "Nimempa haluli, mwanangu. Juzi. Kijiko kidogo, ndani ya samli."

"Bibi!"

"Usinipigie kelele. Si uliniambia bwana hataki paka aogopeshwe?"

Bwana mifugo hakumkaripia. "Afadhali umesema, bibi. Nilikuwa nafikiria dawa ya minyoo. Juu ya haluli, ingemmaliza."

Alinionyesha namna ya kumshika: kichwa kwenye kiwiko changu, miguu juu ya khanga iliyokunjwa ili asiteleze, nami nizungumze naye pole pole. Kisha akaupitisha mkono chini ya tumbo, akabonyeza kwa upole, akaachia, akasogea kidogo mbele. Macho yake yalikuwa juu kwenye mabati, kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali. Paka hakulia. Nilimtazama bwana yule usoni, nikitafuta habari mbaya.

"Vinne," alisema. "Kila kimoja kama tunda la kunazi. Ana mimba."

"Viko hai?"

"Hilo vidole havilijui. Vinajua kwamba vitoto vipo, nami sioni damu. Mrudishe baada ya siku saba. Vikiwa hai, vitakuwa vimekua."

Nilipenda jibu lile kuliko kama angeniapia. Mtu anayejua kazi yake hukuonyesha pia mahali inapokomea.

Bibi akanyoosha mkono. "Nipe na mimi nishike."

Bwana mifugo alimwongoza vidole, kimoja kimoja, mpaka uso wa bibi ukabadilika.

Siku zile saba bibi alikagua kitambaa alicholalia paka kila baada ya sala ya alfajiri, akitafuta doa la damu. Sikumwambia tena neno la lawama. Siku ya saba aliniamsha yeye, paka keshatiwa kikapuni, hajalishwa.

Safari hii bwana mifugo alipomaliza kunawa, alikuta bibi ameshapitisha mkono chini ya tumbo, macho juu kwenye mabati.

"Vimekua," bibi alisema. "Kunazi imekuwa ndimu. Haya, na wewe hakikisha."

Bwana mifugo alihakikisha.

"Vyote vinne, bibi," alisema, naye bibi akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani wiki nzima.