Neno Nililolikata Posta

Mwanangu, juzi kwenye makumbusho ya posta uliniuliza kwa nini nimeganda mbele ya ile mashine ya kupigia simu za maandishi. Jibu lake ndilo hili, na nina aibu nalo mpaka leo.

Nakumbuka siku niliyotumwa posta Musoma, enzi za Mwingereza. Nilikuwa nasoma sekondari, nimerudi likizo kwetu Butiama, na baba alikuwa mahututi. Mimi sikuwaga mtu wa kusema. Ya moyoni yote nilikuwaga naandika kwenye daftari tu. Mama akaniambia, "Mpigie kaka yako simu ya maandishi Mwanza. Mwambie baba amepumzika kidogo na maumivu, anamuulizia, aje upesi."

Nikayaandika yote kwenye fomu. Karani akaitazama. "Hii ni simu, kijana, siyo barua. Kila neno linalipiwa. Fupisha."

Fundi viatu mmoja nyuma yangu akadakia, "Mwacheni, anaposa huyo!" Foleni nzima ikacheka. Masikio yakaniwaka moto. Nikakata, nikakata, yakabaki maneno matatu: BABA AMEPUMZIKA NJOO.

Karani akaniangalia kwa huruma. "Ndiyo hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Unajua mwenyewe, kwetu ukisema mzee amepumzika, ukaishia hapo, watu wanaanza kutafuta majembe.

Kaka angepanda lori siku ileile, akapita Bunda, kesho yake yuko nyumbani. Lakini alidhani tumeshazika. Akaaga kazini taratibu, akangoja meli. Siku tano baba alikuwa anageuzia uso mlangoni kila mbwa akibweka: "Ni yeye?" Siku ya sita hakuuliza.

Kaka alifika kesho yake, akaona udongo wa kaburi bado mbichi. "Mmemzika lini?"

"Jana," mama akasema.

Akatoa karatasi ya simu mfukoni, akampa mama. Mama hakujua kusoma, akaninyooshea mimi. "Soma."

Nikasoma. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

Basi mwanangu, najua na wewe unaogopa watu kama nilivyoogopa mimi. Wakikucheka, waache wacheke, maliza kusema ulichotumwa. Ukiulizwa "ndiyo hivyo?" na moyo unasita, sema hapana, hata foleni ikununie. Wale waliocheka siku ile walisahau kabla hawajafika sokoni. Mungu akupe mdomo wa kusema neno zima, na akufikishe kwa watu wako wakiwa bado wanakusikia.