Magadi Meupe ya Mwalimu Ekai

Mwaka 2012 Ekai alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mwenyewe alikuwa amepata C ya kemia kwenye mtihani wa kidato cha nne, ile C ya kuonewa huruma. Hilo halikumzuia kuigawa dunia yote mafungu matatu: elementi, kampaundi na mchanganyiko. Chai ya maziwa, mchanganyiko. Chumvi, kampaundi. Siku moja Gatjang, mwanafunzi wa dawati la nyuma, alimuuliza mwalimu mwenyewe yuko fungu gani. Ekai akasema yeye ni elementi, tena adimu. Darasa likacheka mpaka mabati yakatetemeka, naye akadhani wamemwelewa.

Alitaka kumwoa Akiru, binti wa Mzee Lopeyok wa Lodwar. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekubaliwa na kupelekwa. Ilibaki siku moja tu: mchumba alete tumbaku na magadi, wazee watafune pamoja, kisha baba amtemee bintiye mate ya baraka kwenye paji la uso. Bila mate hayo hakuna ndoa.

Magadi aliyanunua kwa Faduma, mwenye duka kambini. Yalikuwa ya kijivu, yana mchanga na manyoya ya mbuzi. Ekai akaona aibu kumtafunisha mkwe mchanganyiko mchafu hivyo. Akayayeyusha kwenye maji, akayachuja kwa fulana yake ya ndani, iliyokuwa safi kiasi, na mchanga wote ukabaki juu. Mpaka hapo alikuwa sahihi, jambo ambalo lilikuwa nadra. Maji yakakauka, unga mweupe ukabaki. Angeishia hapo. Lakini alijiambia moto ukizidi usafi nao utazidi, akalipuliza jiko mpaka kitako cha sufuria kikawa chekundu.

Magadi ni kampaundi, na ndani yake yamefunga maji na gesi. Moto mkali huvifukuza vyote viwili, na kinachobaki ni kitu kingine, kikali, kinachokula ngozi. Hayo yamo kwenye kitabu, ukurasa ambao Ekai aliuruka kila mwaka kwa sababu mtihani hauuliziagi hapo.

Lodwar walimpokea vizuri. Wakamsalimu, ejok, ejok, akakalishwa kivulini. Mzee Lopeyok aliuona ule weupe akaufurahia kama sukari, akachota kwa mkono wa mtu asiyenunua.

"Hii ni safi, baba," Ekai akasema. "Mchanga hakuna hata kidogo. Nimeondoa yote."

Mzee akatafuna. Macho yakajaa machozi, mishipa ya shingo ikasimama. Lakini tumbaku ya mchumba haitemwi kabla ya baraka, hiyo ni kumtukana, na mzee alikuwa mtu wa adabu. Akavumilia. Wazee wenzake, kwa adabu hiyo hiyo, wakavumilia naye, huku Ekai akiwaeleza jinsi ya kuchuja.

Akiru akapiga magoti. Baba yake akamtemea baraka, na kilichotua kwenye paji la uso wake kilikuwa damu na vipande vya ngozi ya ulimi.

Mzee alijaribu kusema, akatoa sauti kama ya ngamia. Ndugu yake ndiye aliyesema kwa niaba yake.

"Mwalimu, chukua mbuzi zako uende."

Ekai alimfuata Akiru kwenye ua, akamweleza kwamba hakuna sumu yoyote, maji na gesi tu ndivyo vilivyotoka. Akiru alikuwa bado anajifuta.

"Ulijua?"

"Nimekumbuka sasa hivi."

"Basi enda ukakumbuke huko Kakuma," akamwambia, akaingia ndani.

Mwaka uliofuata Akiru aliolewa na dereva wa lori kutoka Lokori, mtu asiyejua kampaundi ni mdudu gani. Huyo alileta magadi na mchanga wake wote. Mzee Lopeyok akayatafunia upande wa kushoto, ule uliobaki na ngozi, akatema vizuri sana.