Mkate Ambao Mama Kabedi Hakuula

Mama Kabedi wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi wa shaba, alikuwa na mdomo uliojua kubetuka. Kila mwezi, Jumapili ya Meza ya Bwana, alisimama karibu na mlango wa kanisa, mikono ameikunja kifuani, akiwatazama Wakristo wakipanga mstari kwenda kupokea mkate, na mdomo ule ukaanza kazi. Huyu anakula, na juzi alimpiga mkewe mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Yule anakula, na depo yake ya kununulia mawe ya shaba huko Musonoi ina mizani inayodanganya kuliko nyoka wa Edeni. Na Rachelle, mke wa mwenye depo, tazama anavyoupokea mwili wa Bwana kwa kucha ndefu za rangi, kisha anarudi kitini akijipepea. Aka! Kama Mungu anawapenda watu wa namna hii, basi hachagui.

Mkate wenyewe aliuoka yeye. Alikuwa rais wa akina mama wa kanisa, na kila Jumamosi iliyotangulia alikanda ngano, akaoka, akakata vipande, akamimina sharubati nyekundu katika vikombe vidogo. Kanisa zima lilikula kazi ya mikono yake. Yeye hakuonja hata chembe. Mara anachunga mlango, mara anambembeleza mtoto wa mtu, mara tumbo linamsumbua. Ilipita miaka zaidi ya ishirini, na katika kusanyiko la watu wanaojua jirani amepika nini na amekula na nani, hakuna aliyegundua. Watu wa rohoni hao! Walikuwa wanatazamana viatu.

Chanzo chake kilikuwa hiki. Wazazi wa Kabedi waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Walikuja na Biblia, walikuja na mila, wakavifunga katika sanduku moja. Katika mila hizo kuna moja inaitwa tshibawu. Mke akilala na mwanaume mwingine, au akipokea tu kitu chake kwa siri, kisha akanyamaza na kuendelea kumpikia mumewe, chakula chake kinageuka mauti: atakufa mume, au watakufa watoto. Dawa ni kuungama mbele ya ukoo wa mume, mbele ya mawifi wenye ndimi za wembe, na kusafishwa kwa namna ambayo mwanamke hatamani kuikumbuka. Kabedi aliijua tshibawu kabla hajaijua Baba Yetu. Kwa hiyo siku ya kwanza aliposikia mchungaji akionya kwamba anayeula mkate wa Bwana bila kustahili anajilia hukumu, hakushangaa hata kidogo. Aliona ni jambo lile lile. Meza ile ilikuwa chungu kingine cha kuua mwenye siri.

Na siri alikuwa nayo. Ulikuwa mwaka ambao kampuni iliacha kulipa, wanaume wakawa wanakwenda kazini kwa mazoea tu, na Kapata ikala majani. Tshiamala, mumewe, fundi wa kiwanda cha kusafishia shaba, alikaa kizingitini akiungoja mshahara. Nyuma ya soko kulikuwa na ghala, depo ya Edouard, mfanyabiashara aliyeleta makaa na unga kutoka Mutshatsha. Mchana mmoja Kabedi aliingia mle ndani. Alipotoka, alikuwa na nusu gunia ya unga kichwani. Akasonga bukari, ugali wa kwao, mume akala, watoto wakala. Unga ulipokwisha akarudi tena. Kisha Edouard akahama na biashara yake, asionekane tena, na haukupita muda surua ikaingia Kapata. Kanyinda, kitindamimba wao, akafa.

Kabedi hakumwambia mtu. Alimzika mtoto akiwa na hakika kwamba ni yeye aliyemuua, na kwamba Mungu aliyeuona ule mlango wa depo amemchukia na atamchukia mpaka mwisho. Ndipo alipojifunza dharau, kwa sababu mwenye kucheka wenzake mchana kutwa haulizwi habari zake. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu la kwake aliliona kila siku, ndiyo maana alikazana kuonyesha ya wengine.

Aliyemdharau kuliko wote alikuwa Tshiamala mwenyewe. Mwanaume gani yule? Mshahara ulikatika, naye akakatika. Sasa alikuwa mzee wa meno machache, analima vijituta vya mchicha nyuma ya nyumba na kuviita shamba. Na sala zake za chakula! Bukari inafuka moshi, samaki yuko mbele yake, yeye amefumba macho, midomo inatetemeka, hamalizi. Bukari inapoa mpaka inakuwa jiwe.

"Tata Charlotte," Kabedi humwambia, kwa jina la binti yao mkubwa aliyeolewa Lubumbashi, "Mungu alisikiaka tangu zamani. Kula!"

Tshiamala hufungua macho, humtazama kidogo, kisha hula mpaka sahani inang'aa. Mjinga wangu, Kabedi husema moyoni. Hajui anachokula.

Hapo ndipo alipokuja Pasta Godefroid, kijana wa viatu vilivyochongoka, anayeingia katika Kifaransa kila anapoishiwa la kusema. Ila macho alikuwa nayo, tumpe haki yake: aliona kwamba anayeuoka mkate hauli. Majuma machache kabla ya Pasaka alisimama akatangaza, "Siku ya Pasaka, Mama Prezida njo atakula wa kwanza. Kiisha, yeye mwenyewe atagawia bantu bote mukate. Itakuwa mufano muzuri." Watu wakapiga makofi. Kabedi akatabasamu, naye akapiga.

Akikataa, wataulizana kwa nini, na wa kwanza kuuliza atakuwa Rachelle. Akila, atakufa. Hakuwa anasema kwa mafumbo. Aliamini kabisa kwamba kipande kile kingefika kooni na ibada ingemalizika yeye akiwa amefunikwa shuka. Tena kifo chenyewe hakikumtisha sana. Kilichomtetemesha ni baada ya hapo: kusimama mbele ya Mungu asiyempenda, bila mlango wa kuchunga wala mtoto wa kubembeleza.

Jumamosi mchana, mikate ikiwa imekwisha kutoka motoni, alikwenda kukaa mbele ya Tshiamala, aliyekuwa anachambua mchicha wake, akaanza kutoa maagizo.

"Tata Charlotte, ile kitenge yangu ya bleu iko mu valizi, kule chini. Njo mutanivalika."

"Tutakuvalika juu ya kwenda wapi?"

"Ku makaburi. Kesho nitakufa."

Tshiamala aling'oa jani bovu, akalitupa. "Kesho ni Pasaka. Bantu banafufuka, habakufi."

Kabedi akasonya. Hata kifo changu huyu atakipokea akiwa na mboga mkononi! Hasira ikampanda, na hasira ikafungua kile ambacho sala za miaka yote hazikufungua. Akasema yote, akiyatazama majani, hakuthubutu kumtazama usoni: depo, Edouard, unga, kurudi mara ya pili, Kanyinda.

"Mi njo niliuaka mutoto," alimaliza. "Na weye, nilikupikiaka kifo miaka yote. Ata sijui ju ya nini hukukufa."

Tshiamala aliweka mboga chini.

"Mama Charlotte, ile mwaka mu Kapata muzima hapakukuwa unga. Ata panya balihamaka. Weye ulifikiri mi nilifikiri ile gunia ilitoka mbinguni?"

Kabedi aliinua uso. "Ulijua?"

"Nilijuaka siku ya kwanza, ulipotua gunia."

"Na ukakula?"

"Nikakula."

"Lakini weye unajua tshibawu!"

"Mama yangu alinifundishaka kabla ya mama yako kukufundisha. Niliogopa. Kila sahani niliogopa. Weye ulikuwa unacheka sala yangu ni murefu. Mi nilikuwa naambia Mungu: kama ni ya kufa, nikufe mi, ye umuachilie."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii ilikuwa imekaa ndani ya mtungi bila kutoa sauti. Kabedi akauliza kwa nini hakumwambia.

"Ningesema, badada yangu bangekuya. Bangekuvua nguo mbele yabo, bangekurudisha Kasai, batoto babakie bila mama. Na nani alishindwa kuleta unga mu nyumba? Ni mi. Sasa nani aungame, weye ao mi?" Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kanyinda aliuliwa na surua. Ile mwaka kila nyumba ilizika mutoto. Bamama bote balikwenda kwa Edouard? Angelalaka saa ngapi, maskini?"

Kabedi alilia. Hakulia kile kilio cha kanisani cha kitambaa cheupe na jicho moja kwa majirani. Alilia kwa kamasi, na majani ya mchicha yamemganda mikononi. Aliona aibu. Amemcheka mtu huyu kwa miaka, na mtu huyu kila siku alikuwa anakaa mbele ya sahani aliyoiamini ni mauti, anaila, kwa ajili yake. Na alipokuwa analia hivyo, jambo lingine likamjia taratibu. Siku zote alimfikiri Mungu kuwa kama wifi mkubwa, ameketi anangoja mwanamke aungame apate kumwaibisha. Kumbe Mungu naye alijua tangu siku ile ya kwanza, gunia lilipotuliwa. Alijua, na bado akaagiza Kabedi awekewe meza, na mauti iliyokuwa mle chunguni, Mwanawe ndiye aliyeila. Kabedi alikuwa ameyaimba hayo kila Pasaka kwa sauti ya kwanza. Hakuwahi kufikiri kwamba yanamhusu Kabedi wa Kapata.

Kesho yake alikwenda mbele. Pasta Godefroid, amenukia mpaka benchi la tatu, alimwekea kipande mkononi akasema ni mwili wa Bwana uliotolewa kwa ajili yako. Kabedi akala. Ulikuwa mkavu kidogo; ngano ya siku hizi si ngano. Akatafuna polepole, akameza, akasimama pale. Hakufa. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba anapendwa: yeye, pamoja na depo, na unga, na kaburi dogo la Kanyinda. Machozi yakamtoka, Pasta akadhani ni mahubiri yake, akapaza sauti. Mwache afurahi.

Kisha akashika sahani, akawagawia watu. Akampa mwenye mizani. Akampa aliyempiga mkewe. Zilipofika kucha za Rachelle, mdomo ulibetuka kidogo, maana tabia haifi kwa siku moja, lakini alimpa, tena kipande kikubwa.

Tshiamala alikuja wa mwisho, anaburuta mguu. Kabedi alianza kutamka yale maneno aliyomwambia kila mtu, akaishia njiani. Akabaki ameshika kipande, hawezi kukitoa, wala kukirudisha. Watu wakaanza kugeuza shingo.

"Leta," Tshiamala alimwambia kwa sauti ndogo. "Ya mukono yako mi nakulaka."

Akafungua kiganja, na mkewe akamwekea mkate.